Cheti cha kidato cha nne au ulimi wa kazini: kisa cha msimamizi wa ubora kutoka ng'ambo ya ziwa

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa lango la kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kisha picha yake ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watafuta kazi. Kiwanda kilihitaji msimamizi wa ubora wa zamu ya usiku. Masharti mengi yalikuwa yale yaliyozoeleka: stashahada au shahada ya sayansi ya chakula au ya uvuvi, uzoefu usiopungua miaka mitatu katika kiwanda kinachouza nje ya nchi, na uwezo wa kutunza kumbukumbu za joto na za usafi. Sharti la mwisho ndilo lililozaa kisa hiki. Lilisema kwamba mwombaji awe na Kiswahili fasaha, na kwamba ufasaha huo uthibitishwe kwa cheti cha kidato cha nne cha Tanzania chenye ufaulu wa somo la Kiswahili.

Miongoni mwa walioomba alikuwamo mwanamke raia wa Uganda, mwenye shahada na miaka minane ya kazi katika viwanda vya samaki vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria hilihili. Kiswahili chake alikipata kazini, kwa Wakenya aliofanya nao zamu na kwa madereva wa malori ya mizigo. Hakufika hata kwenye usaili. Barua aliyojibiwa ilikuwa ya mistari miwili: hajakidhi sharti la lugha. Aliandika malalamiko, na afisa utumishi wa kiwanda, ambaye nimewahi kumshauri katika masuala ya ajira, aliniomba niyasome kabla hajajibu. Pande zote mbili zimeniruhusu kukieleza kisa hiki mradi nisimtaje mtu wala kiwanda.

Nianze kwa kuutendea haki upande wa kiwanda, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba sharti lile liliandikwa ili kumfungia mgeni mlango, kumbe lilitokana na hofu ya kweli. Wanaokumbuka miaka ya 1997 hadi 1999 wanajua jinsi soko la Ulaya lilivyofungwa mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu hapo msimamizi wa ubora si karani wa kujaza fomu. Ndiye anayeweza kuuzuia mzigo wa usiku mzima. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usafi wa chakula, namba 852 ya mwaka 2004, inataka wanaoshika chakula wasimamiwe, na waelekezwe au wafundishwe kwa kadiri ya kazi wanayofanya, na mtu hawezi kusema amemfundisha mkata minofu kwa lugha ambayo mkata minofu haisikii.

Kiwanda hiki kilikuwa na kovu lake. Msimamizi aliyetangulia, mtaalamu kutoka nje ya Afrika Mashariki, alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiswahili na akayatumia kwa ujasiri. Usiku mmoja alipima kreti 18 akakuta samaki wamefika nyuzi 7 za Selsiasi, mahali ambapo kazi nzima ni kuwaweka karibu na 0. Akawaambia vijana: "Toeni kreti hizi." Yeye alikusudia ziondolewe kwenye mstari na kuwekwa kando. Vijana walisikia neno wanalolisikia kila siku, kwa maana katika Kiswahili cha kiwandani kutoa mzigo ni kuuruhusu uende mbele, na mzigo usiotakiwa kwenda hauambiwi utolewe, unazuiwa. Wakazisukuma kreti zote 18 hadi chumba cha kufungashia. Ziligunduliwa kabla ya gari kupakiwa, lakini afisa utumishi aliponieleza habari hiyo bado alikuwa akikunja uso. Ni baada ya usiku ule ndipo lile sharti la Kiswahili liliingizwa kwenye tangazo.

Kwa hiyo swali la kwanza, kama kiwanda kilikuwa na haki ya kudai Kiswahili, halikunichukua muda. Kilikuwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja kwa misingi inayoitaja, ukiwamo uraia, kabila au mahali mtu anapotoka, na hali ya maisha. Lakini kifungu hichohicho kinasema si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa sharti ambalo ni la asili ya kazi yenyewe. Kuzungumza na wakata minofu ni asili ya kazi ya msimamizi wa ubora kama vile kushika kipimajoto. Tena sheria hiyo inajali uelewano kwa ujumla wake, maana kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri, pale mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake, ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa.

Swali la pili ndilo gumu: je, kiwanda kilikuwa na haki ya kudai Kiswahili hicho kithibitishwe kwa karatasi ya aina moja tu, inayopatikana katika nchi moja tu?

Hapa nilimwomba afisa utumishi aniambie ni Mganda gani angeweza kulitimiza sharti lake. Alifikiri, akasema labda aliyesoma sekondari Bukoba au Musoma. Hapo ndipo kasoro ilipojionesha. Sharti halikusema "Watanzania tu", lakini mzani wake ulimwelemea asiye Mtanzania hata kama anazungumza Kiswahili tangu utotoni, na likampitisha mwenye cheti cha Tanzania hata kama tangu atoke shuleni hajawahi kusimama mbele ya watu kumi akawapa maelekezo. Sheria yetu inapozungumzia ubaguzi usio wa moja kwa moja, naamini jambo la namna hii ndilo inalolilenga. Na kwa kuwa kifungu cha 7 kinamhesabu mwombaji kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni yake, na kinazihesabu taratibu za kutangaza na kuchuja waombaji kuwa sehemu ya sera ya ajira, mlalamikaji alikuwa na mahali pa kusimama. Mtu akishaonesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia mwajiri.

Tuje kwenye uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inazitaka nchi wanachama zihakikishe wafanyakazi wa nchi nyingine wanachama hawabaguliwi kwa uraia wao katika ajira, malipo na masharti mengine ya kazi. Wapo wanaoisoma ibara hiyo wakadhani milango yote iko wazi. Haiko hivyo. Kila nchi ilijaza jedwali la makundi ya wafanyakazi itakaowapokea, na hapa kwetu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 bado inamtaka mwajiri apate kibali cha kazi kwa ajili ya mgeni, aoneshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Itifaki inazungumza na serikali. Mtu anayetaka kwenda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha anayalalamikia matendo ya nchi au ya taasisi za Jumuiya, na hilo halimfikishi kwenye lango la kiwanda binafsi.

Kuhusu lugha, ibara ya 10 imekaa kimya, na kwa sababu hiyo nilikwenda kutazama wenzetu wa Ulaya, ambao wamekuwa wakilipima jambo hili kwa miongo kadhaa. Hukumu zao hazitufungi, lakini hoja njema haihitaji pasipoti. Kanuni yao ya uhuru wa wafanyakazi, ambayo kwa sasa ni namba 492 ya mwaka 2011, inaruhusu masharti ya ujuzi wa lugha yanayotokana na aina ya kazi yenyewe. Kesi mbili zimeujaribu mstari huo, na zinavutana kwa namna inayofundisha.

Ya kwanza ni ya Groener, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya tarehe 28 Novemba 1989. Mwalimu wa sanaa, raia wa Uholanzi, alikuwa akifundisha kwa muda katika chuo kimoja cha Dublin, akaomba nafasi ya kudumu. Alianguka mtihani wa mazungumzo wa Kiayalandi, ingawa masomo yake yangefundishwa karibu yote kwa Kiingereza. Mtu angetarajia mahakama iseme kwamba lugha isiyotumika darasani haiwezi kuwa sharti. Haikusema hivyo. Ilisema kwamba nchi inayoilinda na kuikuza lugha yake ya taifa inaweza kuwapa walimu sehemu katika kazi hiyo, mradi sharti lisipite kiasi na lisitumike kwa ubaguzi. Kisha ikaongeza jambo ambalo katika kisa chetu lina uzito kuliko yote: haikubaliki kudai kwamba ujuzi huo wa lugha uwe umepatikana ndani ya nchi hiyo.

Ya pili ni ya Angonese, ya mahakama hiyohiyo, ya tarehe 6 Juni 2000. Huyu alikuwa Mwitalia wa Bolzano, mkoa wenye Kijerumani na Kiitaliano, lugha yake ya kwanza ni Kijerumani, na alikuwa amesoma Austria. Aliomba kazi katika benki binafsi ya nyumbani kwao. Benki ikadai cheti cha umilisi wa lugha mbili, cheti kinachotolewa na mamlaka ya mkoa ule peke yake, baada ya mtihani unaofanyika mkoani humo peke yake. Hakuwa nacho, ingawa hapakuwa na ubishi kwamba lugha zote mbili alizimudu. Mahakama ilikubali kwamba mwajiri anaweza kudai kiwango fulani cha lugha, na kwamba cheti kinaweza kuwa kigezo kimojawapo cha kukipima, lakini kumfungia mtu asiweze kuthibitisha ujuzi wake kwa njia nyingine yoyote ni kupita kiasi. Na ikasema katazo la ubaguzi wa uraia linambana mwajiri binafsi pia.

Nilipomsimulia afisa utumishi kesi hizi mbili, alishika ile ya Groener kwa mikono miwili. Kama Waayalandi waliweza kuitetea lugha yao, alisema, sisi tunashindwaje kukitetea Kiswahili? Naheshimu hisia hiyo kwa sababu ni yangu pia. Kiswahili kimetuunganisha katika nchi yenye makabila zaidi ya mia moja, na mimi mwenyewe nisingekuwa na kazi bila hicho. Lakini mwalimu wa Dublin alikuwa akiingia katika elimu ya umma, chini ya sera ya taifa iliyotangazwa. Kiwanda cha minofu hakina sera ya kukuza lugha. Kina samaki wanaotakiwa kukaa kwenye barafu na watu wanaotakiwa kuelewana usiku kucha. Na hata Groener, ukiisoma hadi mwisho, inamkatalia afisa utumishi hoja yake, kwa kuwa cheti cha kidato cha nne cha Tanzania ni sawa na kusema ujuzi wa lugha upatikane ndani ya nchi. Isitoshe, tunapojivunia kwamba Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, ni vigumu kumwambia Mganda aliyejifunza kwa jasho kwamba Kiswahili chake hakihesabiki kwa sababu hakikupitia kwetu.

Kuna njia nyingine ambayo kiwanda kingeweza kuifuata, nami niliitaja bila kuficha. Kifungu cha 7 kinaruhusu kuwaajiri raia kwa mujibu wa sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999. Mwajiri anayetaka Mtanzania, na akampata mwenye sifa, anaweza kusema hivyo waziwazi na kusimama juu ya sheria. Nisichoweza kukikubali ni kuuficha uraia ndani ya lugha, kwa sababu hapo mwombaji anapewa sababu isiyo ya kweli, anakwenda kujifunza zaidi, anarudi, na mlango bado umefungwa.

Muda nao ulikuwa ukienda. Malalamiko ya aina hii yanapaswa kufikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na karibu theluthi yake ilikwisha pita. Nilishauri sharti lifutwe na lugha ipimwe kwa kazi, kwa waombaji wote waliokuwa na sifa nyingine, wenye cheti na wasio na cheti. Waliobaki walikuwa watatu: yule Mganda na Watanzania wawili.

Tuliwapima katika ukumbi wa kukatia, zamu ikiendelea. Kila mmoja alipewa kreti mbili, moja ikiwa na joto lililozidi, akatakiwa kuzipima, kuwaeleza wakata minofu la kufanya, kisha kuandika tukio hilo katika daftari la zamu. Mtanzania wa kwanza, ambaye cheti chake kilikuwa na alama ya juu ya Kiswahili, alipima vizuri, lakini mbele ya zile meza ndefu za chuma sauti ilimpotea. Alizungumza kama anayesoma risala, na wakata minofu walitazamana. Wa pili alifanya vyema kwa kila kipimo.

Mganda alipofika kwenye kreti ya joto alisita. Akaanza kusema "mputa", jina la sangara kwao, akajirudi. Ziwa ni moja, lakini samaki huyu anaitwa mputa Uganda, mbuta Kenya na sangara kwetu, kama vile dagaa wetu wanavyoitwa mukene upande mmoja na omena upande mwingine, na sato wetu akawa ngege. Kisha akamgeukia mama mmoja wa makamo aliyekuwa mbele ya meza, akasema: "Mama, samaki hizi zimepata joto. Msipeleke mbele. Zuia hapa, ongeza barafu, nitapima tena baada ya dakika kumi." Yule mama akaitikia, "Sawa, mwanangu," na kabla sijamaliza kuandika, koleo la barafu lilikuwa limekwisha ingia ndani ya kreti.

Mwalimu wa Kiswahili angemkata alama kwa "samaki hizi zimepata", maana samaki ni "hawa" na "wamepata". Mimi niliandika kwamba alitumia neno "zuia" mahali hasa palipohitaji "zuia". Hilo ndilo neno lililokosekana usiku wa zile kreti 18.

Daftari lilikuwa jambo jingine. Aliandika mistari mitatu kwa shida, nusu yake Kiingereza, na hakuyajua majina yetu ya kiwandani. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, aliyajua kwa jina la kwao, na mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, aliyaita tu "mifupa". Niliyaeleza hayo yote katika ripoti, kwa sababu kumpendelea kungekuwa kuuharibu mzani kwa upande wa pili. Pendekezo langu lilikuwa kwamba Kiswahili chake cha mdomo kinatosha kwa zamu, na kwamba cha maandishi kinahitaji miezi mitatu ya kusaidiwa, daftari likijazwa pamoja na msaidizi anayelisahihisha kabla ya zamu kufungwa.

Kwa jumla ya ujuzi na uzoefu aliongoza, Mtanzania wa pili akimfuata kwa karibu. Kiwanda kiliamua kumwombea kibali na kumwajiri yule wa pili kuwa msaidizi wake, ambaye ndiye pia aliyeandikwa katika mpango wa kurithisha ujuzi unaodaiwa na sheria ya 2015. Naliona kuwa suluhisho zuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mmoja anafundisha jinsi ya kuusoma mzigo na mwingine anafundisha jinsi ya kuuandika. Tangazo jipya la nafasi kama hiyo sasa linasema mwombaji aweze kutoa maelekezo ya kazi kwa Kiswahili kinachoeleweka na wafanyakazi wa ukumbini, na kwamba uwezo huo utapimwa kwa vitendo.

Lakini wiki mbili baadaye nililetewa tangazo lingine, la wapakia barafu wa kiwanda hichohicho, lililotolewa na wakala wa ajira anayewaletea vibarua. Sharti lilelile la cheti cha kidato cha nne lilikuwemo, neno kwa neno. Hapa waliofungiwa nje karibu wote ni Watanzania, vijana wa Ukerewe, Kome na vijiji vya Sengerema ambao shule iliwaishia darasa la saba, na ambao Kiswahili chao, kilichochanganyika na Kikerewe, Kijita au Kisukuma, ndicho kinachoendesha mwalo mzima kuanzia alfajiri. Kupakia barafu hakuhitaji kuandika daftari. Afisa utumishi alinijibu kwamba matangazo ya vibarua si yake, ni ya wakala. Nilimkumbusha kwamba kifungu cha 7 kinamhesabu wakala wa ajira kuwa mwajiri, na kwamba mahali mtu anapotoka na hali ya maisha vimo katika orodha ya misingi iliyokatazwa.

Aliyeniletea tangazo hilo ni kijana aliyewahi kubeba barafu katika kiwanda hicho kwa misimu miwili kabla ya wakala kuja. Barua kwa wakala tumeipeleka kwa mkono na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Fomu ya Tume tumeijaza pamoja, nikimsomea kila kipengele na yeye akinijibu, na inasubiri siku saba tulizompa wakala zimalizike ndipo kijana aiweke sahihi.